Ziara ya Msituni: Nani Ataulinda Mti Usio na Mzimu?

(Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wazazi wa madrasa, mjini Iringa, Jumadal-Ula 1446, sawa na Novemba 2024)

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Tumeombwa na uongozi wa madrasa tueleze habari ya safari tuliyoifanya pamoja na wanafunzi katika mwezi wa Rabiul-Awwal, sawa na Septemba iliyopita. Baadhi ya wazazi waliuliza, na wana haki ya kuuliza: Je, watoto waliacha masomo siku nzima wakaenda kuangalia miti? Tunajibu: Naam, walikwenda kuangalia miti. Na tunaomba subira zenu tueleze walichokiona, kwa sababu katika waliyoyaona limo jambo linalotuhusu sisi tuliokaa hapa, tena linaihusu jiko letu wenyewe.

SABABU YA SAFARI

Siku moja darasani tulikuwa tukisoma somo la lugha ya Kiarabu, tukafika kwenye neno shajar. Mwanafunzi aliulizwa maana yake akajibu vizuri: mti. Akaambiwa ataje miti mitatu ya nchi yake. Akataja mwembe, mparachichi na mkaratusi. Darasa zima likaafiki. Na hakuna hata mmoja katika hiyo ambao asili yake ni kwetu! Mwembe ulitoka Bara Hindi, mparachichi ukatoka Amerika, na mkaratusi ukaletwa kutoka Australia.

Tusimlaumu mtoto. Sisi walimu tuliosoma ng'ambo kwa Kiarabu tunajua katika vitabu mti wa araki ambao hutolewa mswaki, tunaujua mkunazi unaoitwa sidri, tunajua na majina ya mitende aina kwa aina. Lakini tukisimama kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya, pale Ifunda, tukaonyeshwa mti uliokuwapo kabla ya babu zetu kuzaliwa, hatuna la kusema. Mtu anayesomesha aya zinazomtaka binadamu atazame na azingatie, naye hajui anachokitazama, amebakiwa na nusu ya somo.

Basi tukakodi Coaster, tukaondoka baada ya swala ya Alfajiri na wanafunzi 31. Tulishika njia ya Mbeya, tukapita Ifunda, kisha tukaacha lami na kuingia njia ya vumbi kwa muda wa saa moja hivi, mpaka kwenye kijiji ambacho kimetenga msitu wake wa asili. Tulipokewa na mzee mmoja wa kamati ya maliasili ya kijiji. Tulimsalimu kwa salamu ya kwao, "Kamwene", naye akaitikia "Kamwene", akatutangulia kwa miguu.

TULICHOKIONA

Wengi wetu tukisikia neno msitu tunafikiria Sao Hill, kule Mufindi, shamba la miti kubwa kuliko yote ya Serikali hapa nchini. Pale misonobari imesimama kwa mistari kama askari wa gwaride, majani yake ni membamba kama sindano, na chini yake hakuoti vitu vingi. Lile ni shamba, na lina faida yake: mbao, nguzo, ajira. Lakini msitu tuliouingia ni mwingine. Ni msitu wa miombo, miti ya majani mapana inayoenea kutoka Tanzania hadi Malawi, Zambia, Msumbiji, Zimbabwe na Angola. Miti yake mikuu ni ya jamii ya kunde, ndugu wa mbali wa maharage tunayokula kila siku hapa madrasa.

Jambo la kwanza lililowashangaza watoto ni rangi. Ardhi ilikuwa kavu, mvua ya mwisho ilikuwa imekwisha miezi mingi nyuma, nyasi zilikuwa zimekauka, na bado miti ilikuwa imevaa majani mapya mekundu kama shaba, mengine ya rangi ya divai ya zabibu, mengine ya dhahabu. Miombo haingoji mvua. Huchanua majani yake wiki kadhaa kabla ya mvua kunyesha, kwa akiba iliyowekwa katika mizizi na shina, na baadaye majani yale hugeuka kijani. Mwanafunzi mmoja akasema: "Ustadh, mti huu una yakini kuliko sisi." Tukanyamaza. Hatukuwa na la kuongeza.

Jambo la pili ni ukimya. Tuliwaambia wakae chini, kila mmoja peke yake, robo saa, bila kusema neno. Mwanzoni walicheka. Kisha wakaanza kusikia. Walisikia mlio mkavu juu ya vichwa vyao, ta! na tena, ta!, kama mtu anayevunja kijiti. Mzee akaeleza kuwa ni maganda ya mbegu za miombo. Jua likiyakausha hujipinda, hupasuka kwa nguvu, na hurusha mbegu mbali na mama yao. Walisikia nyuki pia, kwa kuwa maua ya miombo ndiyo malisho yao makubwa, na asali nyingi inayouzwa kando ya barabara zetu hutoka humo. Watoto hawa wamehifadhi Surat an-Nahl, sura inayobeba jina la nyuki, na siku ile wengi wao ndipo walipoona kwa mara ya kwanza mzinga ukiwa juu ya mti.

Mzee akatuonyesha mkusu, ambao matunda yake huuzwa hapa mjini msimu wake ukifika. Akatuonyesha mninga, akakwangua gome kidogo kwa ncha ya panga, ukatoka utomvu mwekundu kama damu. Tukawaambia watoto: Mimbari ya msikiti wetu ni ya mninga. Khatibu anapopanda Ijumaa, anapanda juu ya mti huu.

Akafukua kidogo udongo kwenye mizizi, akatuonyesha nyuzi nyembamba nyeupe. Hizo ni za uyoga. Uyoga na miombo huishi kwa kupeana: uyoga huusaidia mti kuvuta maji na chumvichumvi katika udongo uliochoka, na mti huupa uyoga chakula unachokitengeneza kwa jua. Mama zetu wanaouza uyoga kwenye mabeseni wakati wa masika wanauza matunda ya ujirani huo. Msitu ukikatwa, ule uyoga hauhamii kwenye misonobari. Hutoweka.

Na asiseme mtu kwamba tunavijua vyote vilivyomo. Mbeya wapo mashahidi. Katika misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani mmoja mwenye haya, wakimwita kipunji. Wataalamu wakafuata maneno yao, wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Alitangazwa rasmi mwaka 2005, na mwaka 2006 ikabainika kuwa anastahiki jenasi yake peke yake, ikaitwa kwa jina la Rungwe. Haikuwa imepatikana jenasi mpya ya nyani barani Afrika tangu mwaka 1923. Hesabu iliyofanywa baadaye ilikuta wamebaki elfu moja na mia hivi tu. Kiumbe mkubwa kiasi hicho, jirani wa mashamba ya chai na viazi, na ulimwengu wa elimu haukuwa na habari zake!

VISIKI

Tuliendelea kutembea hadi mpaka wa msitu wa kijiji. Upande wa pili wa mpaka mandhari ilibadilika ghafla. Palikuwa na visiki, kisiki baada ya kisiki, na katikati palikuwa na kichuguu cha udongo mweusi, bado kina joto. Lilikuwa tanuru la mkaa. Kando yake yalisimama magunia matano yaliyokwisha kushonwa, yakingoja gari.

Mwanafunzi mmoja alikasirika kweli. Akauliza: "Babu, nani anawaruhusu watu hawa?" Mzee hakujibu mara moja. Alimtazama yule kijana, kisha akatutazama sisi walimu, akauliza kwa upole kabisa: "Na nyinyi, mwalimu, kule madrasa mnapikia nini?"

Ndugu zetu, hatukuwa na pa kujificha. Tulisema: Tunapikia mkaa.

Akatikisa kichwa, wala hakutulaumu. Akasema kijana aliyechoma tanuru lile ana watoto, shamba lake halikumpa kitu msimu uliopita, na mkaa haukosi mnunuzi. "Mnunuzi yuko mjini," alisema. "Mimi simjui." Lakini sisi tulimjua.

SWALI LILILOTUSHINDA

Tukiwa njiani kurudi, tulipita kwenye chemchemi. Juu yake palikuwa na mkuyu mkubwa sana, na chini ya mkuyu vipande vya vyungu vya zamani. Mzee akasema hapo wazee walikuwa wakifanya tambiko, wakiomba mvua. Mwanafunzi mwingine, hodari katika masomo ya tawhidi, akasema kwa sauti: "Ustadh, mti huu si ungekatwa? Watu wameushirikisha."

Mzee alimsikia. Akasema maneno ambayo hatujayasahau. Alisema kwamba zamani hapakuwa na mtu aliyethubutu kukata kijiti katika bonde lile, kwa kuogopa mizimu, na maji hayakukauka. Kisha wakaja walimu wa dini, wa kwenu na wa kanisani, wakawaambia vijana hakuna mzimu hapa. Vijana wakaamini, wakaja na mashoka. "Mmeondoa woga," alisema. "Sasa mmeweka nini mahali pake?"

Hatukumjibu pale. Tulimshukuru, tukarudi. Lakini swali lile tulirudi nalo mjini, na mhadhara huu ni jaribio letu la kulijibu, kwa kuwa ni swali la haki. Sisi tunaolingania watu waache tambiko, na tutaendelea kulingania, tunawajibika kueleza ni nini kitakachoulinda mti ambao hauna mzimu.

JAWABU

Kwanza, tumrekebishe kijana wetu. Katika hadithi ya Dhatu Anwat, iliyopokewa na Tirmidhi, baadhi ya watu waliosilimu karibuni walimwomba Mtume (s.a.w.) awawekee mti wa kutundikia silaha kama waliokuwa nao washirikina. Aliwakemea vikali. Karipio lile lilielekezwa kwa ombi lao, kwa moyo unaotafuta baraka pasipo mahali pake. Mti haukutenda dhambi. Mkuyu ule wa chemchemi unasimamisha ukingo na kutia kivuli maji yanayonywewa na kijiji kizima. Kinachotakiwa kuondolewa ni itikadi iliyomo kifuani, na hiyo haiondolewi kwa shoka.

Pili, katika Sunan ya Abu Daud imo hadithi yenye onyo zito kwa anayekata mkunazi. Abu Daud mwenyewe aliulizwa maana yake, akafafanua kuwa ni mkunazi wa jangwani ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chake, mtu akaukata kwa upuuzi na dhulma bila ya haki. Tazameni sababu iliyotajwa. Hakutaja mzimu. Alitaja msafiri na mnyama, yaani haki za viumbe wengine katika mti ule. Hiki ndicho kinachokaa mahali pa woga wa mizimu: kujua kwamba mti una wenye haki nao, na kwamba haki hizo zitadaiwa.

Tatu, Uislamu una utaratibu wake wa kutenga ardhi, unaoitwa hima. Mtume (s.a.w.) alitenga bonde la Naqii, nje ya Madina, kwa malisho ya farasi wa Waislamu, na akakataza miti ya haramu ya Madina isikatwe. Kabla yake, wakuu wa Kiarabu walikuwa wakijitengea malisho mazuri kwa nguvu zao. Yeye akalifuta hilo, akafanya hima kuwa kwa maslahi ya wote.

Umar bin al-Khattab (r.a.) akatenga Rabadha, na akamweka mtu wake, Hunayy, awe msimamizi. Wasia aliompa umo katika Sahihi al-Bukhari, na tungependa kila kamati ya msitu iujue. Alimtaka awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini awazuie wanyama wa matajiri wawili waliojulikana, Ibn Auf na Ibn Affan, ambao wote walikuwa Maswahaba wakubwa. Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri wale mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, na maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa khalifa. Huu ndio uadilifu katika hifadhi. Mwenye mzigo mmoja wa kuni kichwani hawi sawa na mwenye lori.

Na sheria ya nchi yetu imefungua mlango wa namna hiyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake, kuunda kamati, kutunga sheria ndogo, kutoza faini na kubaki na mapato. Msitu tuliouona umesimama kwa sababu hiyo. Hauna mizimu tena, lakini una watu wanaoulinda.

HESABU YA JIKO LETU

Sasa tuje kwetu. Tathmini ya kitaifa ya misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilieleza kuwa Tanzania Bara ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba zaidi ya hekta 370,000 zilikuwa zikipotea kila mwaka. Ni rahisi kuzisoma tarakimu hizo na kusikitika, kisha mtu akaenda kula chakula cha mchana. Kwa hiyo tumefanya hesabu ndogo zaidi.

Madrasa yetu ina wanafunzi wa bweni 74. Tunatumia magunia 12 ya mkaa kwa mwezi, na gunia tukilikadiria kilo 50 tu, hizo ni kilo 600. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo kati ya 10 na 20. Tuchukue 15. Basi mkaa wetu wa mwezi mmoja ni kuni kilo 4,000, na kwa miezi kumi ya masomo ni tani 40. Hizo ni tani 40 za ile miti myekundu ambayo watoto waliketi chini yake.

Mtu atasema: Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, kuanzia Januari 2024, na sisi tuko chini ya 100. Ni kweli, katazo halitugusi. Lakini tangu lini Muislamu akangoja askari ndipo aache kudhulumu? Na ule Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Hatuoni fahari kuwa wa mwisho.

Wala hatuji kwenu na ndoto. Gesi ina gharama, na mfuko wa madrasa mnaujua. Walimu tulijadiliana, wala hatukuafikiana kwa kila jambo. Mmoja wetu alisema, na alisema kweli, kwamba ada ikipanda kwa ajili ya gesi, mtoto wa kwanza kuondoka atakuwa yatima. Kwa hiyo tunaleta mbele yenu mambo manne yanayowezekana:

1. Kujenga majiko banifu mawili ya matofali kabla ya muhula ujao, ili ugali na maharage vipikwe kwa kuni chache zinazotokana na mashamba ya kupandwa, kama mikaratusi na miwati. Maharage yalowekwe usiku kucha, kwani hilo peke yake hupunguza moto mwingi.

2. Gesi itumike kwa chai na uji wa asubuhi tu kwa kuanzia, na mtungi wa kwanza uchangiwe na wazazi wenye uwezo. Ada isiguswe.

3. Ekari tatu za wakfu zilizoko nje ya mji, ambazo zimekaa bure, zipandwe miti mvua zitakapoanza. Ekari mbili ziwe za kuni. Ekari moja iachwe iwe hima: isilimwe, isichomwe moto, isiingizwe mifugo. Visiki vya miombo vilivyomo havijafa. Mzee alitufundisha kwamba kisiki kikiachwa kwa amani huchipua chenyewe.

4. Mkaa tutakaoendelea kuununua katika kipindi hiki ununuliwe kwa muuzaji anayeonyesha kibali na kueleza ulikotoka. Asiyeweza kueleza, tusinunue kwake hata kama bei yake ni nafuu.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Muislamu anayepanda mti, chochote kitakacholiwa humo na ndege, mtu au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake. Tunawaomba mtafakari upande wa pili wa maneno hayo. Ikiwa kupanda kunaandikwa, je, kukata bila haki kutaachwa bila kuandikwa?

Tumekusudia kurudi katika kile kijiji baada ya mvua, inshaallah, pamoja na yule kijana aliyetaka mkuyu ukatwe. Ameomba mwenyewe aende amweleze mzee habari ya Hunayy na hima ya Rabadha. Tungependa siku hiyo, mzee akituuliza tena tunapikia nini, tuwe na jibu la kumpa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema zaidi, na airehemu nchi yetu kwa mvua yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq.